Mzigo wa Mtama Kutoka Lindi

Miaka ile ambayo Wadachi walikuwa wameshajenga boma lao Songea, na safari zote bado ni za miguu, palikuwa na mtu aliyeitwa Daimu bin Chande ambaye wenye misafara wa Kilwa Kivinje walikuwa wakimgombania. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na nguvu kuliko wenzake. Alikuwa kirongozi, yaani yule anayetangulia mbele ya wapagazi, na sifa yake ilikuwa moja tu: hajapata kupotea.

Kwa asili alikuwa Myao, lakini alizaliwa na kukulia Kivinje. Baba yake alikuwa mpagazi wa chumvi na samaki wakavu, naye Daimu akiwa mdogo alimfuata kwenye njia za pwani. Walikwenda kaskazini hadi Mohoro, wakisubiri maji ya bahari yapwe ndipo wavuke vijito vya mikoko. Walikwenda kusini hadi Mchinga na Lindi, siku tano au sita, mchanga ukiwaunguza nyayo. Alipokuwa mtu mzima akapewa njia ya bara, ile ndefu, inayotoka Kivinje ikapita Njinjo na Liwale hadi Songea. Mzigo ukiwa mzito ilikuwa siku ishirini na tano. Njiani alijua kila penye maji, kila mti wenye kivuli cha kutosha watu thelathini, na kila mama anayeuza viazi vya kuchemsha bila kuwapunja wapagazi.

Ni njia hiyo iliyompatia mke. Chini ya milima ya Matogoro, pale Mto Ruvuma unapoanza kama kijito cha kurukwa na mtoto, aliishi Mngoni mmoja mwenye heshima zake, Mzee Nchimbi. Mzee alikuwa na watoto wa kiume wawili na binti mmoja, Chiku. Daimu alipokwenda kuposa, Mzee Nchimbi alimtazama miguu kabla ya kumtazama uso.

"Wewe ni mtu wa njiani," alisema. "Binti yangu nitamwoza kwa mtu, au nitamwoza kwa njia?"

"Nyumba nitaijenga hapa, baba," Daimu alijibu. "Njia itakuwa kazi yangu tu. Nitakuwa narudi."

Akajenga kweli, na akawa anarudi. Mara mbili kwa mwaka Chiku alimwona akitokea kwenye kilima, mbele ya watu wote, akitembea kama mtu asiyebeba kitu. Walikaa miaka mitatu bila kupata mtoto. Mwaka wa nne, ambao ndio mwaka wa vita, Chiku akashika mimba.

Wakati Daimu anaondoka na msafara wa nta na mpira, mimba ilikuwa na miezi mitatu. Chiku alimsindikiza hadi kijitoni.

"Utarudi lini?"

"Kabla ya mvua za kwanza. Utanisikia nikiimba huko juu."

Aliingia Kivinje salama, mizigo ikapokewa. Lakini kabla nguo za safari ya kurudi hazijafungwa, habari zikafika kwamba Wamatumbi wameng'oa pamba ya serikali. Haikupita muda ikasikika kwamba wanapewa maji ya dawa ya kugeuza risasi ziwe maji, na kwamba boma la Liwale limechomwa moto. Njia ya bara ikafungwa. Wapagazi wanne walioona wamechoka kungoja wakajaribu kupita. Alirudi mmoja, na huyo hakutaka kusimulia.

Daimu akakaa kwa mama yake, Bi Mwanaisha, akihesabu miezi kwa vidole. Songea nako kukaingia vita. Hakuwa na namna ya kujua kama mkewe ni mzima. Alishindwa kula. Kila alfajiri baada ya kuswali alikwenda hadi mahali njia ya Njinjo inapotoka mjini, akasimama, akarudi.

Kisha meli ikaleta jeshi: Wadachi wachache na askari wengi weusi kutoka mbali, pamoja na bombomu, ile bunduki inayotema risasi bila kupumzika. Wakauliza ni nani anayejua njia ya Songea. Mji mzima ulijua jibu. Akida akamwita Daimu, akamwambia atalipwa nguo, robota zima, akiwafikisha.

Bi Mwanaisha alikuwa akipeta mchele aliposikia. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, unakwenda ukweni kwako. Mtu akienda ukweni anachukua kitu mkononi. Wewe unachukua nini?"

"Mama, Chiku atajifungua mwezi baada ya Ramadhani. Nikienda peke yangu sifiki hata Njinjo."

"Ngoja vita viishe."

"Na vikiisha nikute nini?"

 Mama yake alimfungia kifurushi cha mchele na tende kidogo, akamsomea dua, mkono wake ukiwa kichwani pake. Daimu aliubusu mkono huo akatoka. Hakujua kwamba ndiyo mara ya mwisho kuushika.

Safari ile haikuwa kama safari zake nyingine. Yeye ndiye aliyekuwa mbele, kama kawaida, lakini kila kijiji alichokifikia kilikuwa kimekimbiwa, na kila alichokiacha nyuma kilikuwa kinawaka. Alikuwa anawaambia askari, "Hapa pana kisima," akiwa na maana wanywe maji. Wao walikunywa, halafu wakachoma nyumba zilizokizunguka kisima. Baada ya siku kumi akaanza kunyamaza. Akawapitisha mbali na vijiji viwili alivyokuwa na marafiki, akisingizia kwamba njia ya huko ina tope. Kwa vile vingine hakuweza kusingizia kitu.

Upande wa pili wa Liwale alikuwepo mama mmoja aliyezoea kuwauzia wapagazi viazi. Walimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, amechoka hata kukimbia. Alimtambua Daimu.

"Kirongozi," alisema kwa upole, kama anayemkaribisha, "leo umeleta watu gani?"

Daimu alipita bila kuitikia. Tangu hapo akawa anatembea akiangalia vidole vya miguu yake. Ramadhani ilimkuta njiani. Hakufunga, na sababu haikuwa safari tu. Aliona haya kusimama mbele ya Mola wake.

Waliingia Songea siku ambayo, kama si vita, watu wa Kivinje wangekuwa wamevaa kanzu za Idi. Mara tu alipopewa ruhusa alikwenda mbio hadi nyumbani. Mlango ulikuwa wazi. Majivu ya jikoni yalikuwa baridi, na mtungi wa maji ulikuwa umepasuka. Mzee mmoja wa jirani, kipofu aliyeachwa nyuma, alimweleza kwamba shemeji zake wote wawili walinyunyiziwa maji wakaenda kupigana Namabengo, na hakurudi hata mmoja. Waliobaki walikuwa wamepanda Matogoro pamoja na watoto na wanawake. Chiku naye alikuwa huko, tumbo limeshamlemea.

Siku ya tatu bwana mkubwa wa jeshi alimwita bomani. Alisema kwa kinywa cha mkalimani.

"Bwana anasema, kesho kutwa bombomu itapandishwa mlimani. Anataka umwonyeshe njia."

Daimu alipiga magoti. Alieleza kwamba mkewe yuko kule na ana mimba, na kwamba kule hakuna mashujaa tena, ni wazee na watoto. Yule Mdachi alisikiliza, akawasha kiko, akasema maneno machache.

"Bwana anasema hana haja ya damu ya wazee," mkalimani akasema. "Anataka vihenge vyao vya nafaka. Wasipokuwa na chakula hawatapigana, na yeye hatapoteza risasi. Mwonyeshe chakula kilipo, na watu washuke wakakae majumbani kwao. Au mwonyeshe njia ya watu. Chagua."

"Nipe siku mbili nikaseme nao."

Alipewa siku mbili. Alipanda peke yake kwa njia aliyoonyeshwa na Mzee Nchimbi mwaka wa kwanza wa ndoa yake, walipokwenda kurina asali. Aliwakuta kwenye korongo lenye miti mingi, watu kama mia na hamsini, wengi wamelala tu. Chiku alimwona kwanza. Hakukimbia kumlaki, hakuweza, lakini alinyoosha mikono yote miwili mbele kama mtu anayepokea mtungi. Daimu alimshika akalia mbele ya watu bila kujali.

"Nilijua si wewe uliyewaleta," Chiku alimnong'oneza. "Watu walisema ni wewe. Mimi nilikataa."

Daimu akaangalia vidole vya miguu yake. Chiku akamwachia taratibu, akamtazama usoni, akaelewa.

Mzee Nchimbi alikuwa amekaa juu ya jiwe, na mkuki wa mmoja wa wanawe ulikuwa umelala miguuni pake.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. "Sema ulichotumwa."

Daimu alisema yote: bombomu, siku mbili, vihenge. Vihenge vyenyewe vilifichwa bondeni, upande wa pili wa mlima, mbali na watu. Humo mlikuwa na mtama na ulezi wa koo saba, pamoja na mbegu.

"Waambie hakuna chakula," alisema Mzee Nchimbi.

"Hawataamini. Watapanda."

"Wapande. Mtu akipigwa risasi anakufa mmoja. Ukichukua mbegu umewaua na ambao hawajazaliwa. Mkwe, nimepoteza watoto wawili. Nisikilize: usiwaonyeshe vihenge."

Daimu alimtazama Chiku, akatazama tumbo lake. Alikuwa ameiona bombomu ikifanya kazi upande wa Liwale. Mzee hakuwa ameiona. Daimu alishuka mlima bila kuaga, akiwa amekata shauri. Mtama, alijisemea, unalimwa tena. Mtu halimwi.

Akawaonyesha.

Askari walibeba walichoweza kubeba. Kilichobaki wakakitia moto, na kiliwaka siku mbili. Upepo ulipeleka moshi mlimani, nao ulikuwa na harufu nzuri ya mtama unaokaangwa. Chiku alimweleza baadaye kwamba watoto waliamka wakaanza kuchangamka na kuuliza ni nani anayepika.

Bwana mkubwa alitimiza neno lake. Bombomu haikupandishwa. Watu wa korongo lile walishuka wakarudi kwenye nyumba zao, na hakuna hata mmoja aliyepigwa risasi. Siku tisa baadaye Chiku alijifungua mtoto wa kike. Wakamwita Tabu.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, wakubwa wa Wangoni walinyongwa pale Songea, watu wakilazimishwa kutazama. Daimu hakwenda. Alikuwa porini akichimba ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa sababu wakati huo njaa ilikuwa imeshaingia kila nyumba. Mvua zilinyesha vizuri sana mwaka ule, mashamba yakawa laini na meusi, na hapakuwa na mbegu ya kutia ardhini. Watu walikula mizizi ya migomba. Walikula majani ambayo mbuzi huyapita. Walianza kufa wazee, kisha wadogo. Jirani kipofu alikutwa amekaa mlangoni kama anayesubiri mgeni.

Mzee Nchimbi aliishi nao nyumba moja, kwa kuwa yake ilichomwa. Hakuwa akisema na Daimu. Akitaka kitu alimwambia Chiku, hata kama Daimu alikuwa amekaa kati yao. Hakumtukana hata siku moja. Daimu angependa zaidi atukanwe.

Maziwa ya Chiku yalianza kukauka Tabu akiwa na miezi minne. Mtoto alikuwa hapigi tena kelele, akinyonya tu hewa na kutazama. Asubuhi moja Daimu alitoa robota la nguo alilolipwa na jeshi, ambalo hakuwa amelifungua tangu alipolipwa, akalifunga kwa kamba za mgongoni.

"Nakwenda pwani," alisema. "Njia ya Liwale imekuwa ya simba, sasa hakuna watu wa kuwafukuza. Nitashika ya Tunduru hadi Lindi. Pale meli zinaleta nafaka. Nitarudi na mzigo."

Chiku alikuwa anampepea mtoto inzi.

"Nenda," alisema. "Lakini usinitajie siku ya kurudi."

Alikwenda siku ishirini na mbili, usiku akilala juu ya miti. Lindi alimkuta mwenye duka aliyemjua baba yake zamani, akamtambua Daimu kwa kufanana naye. Robota zima la nguo likampatia frasila mbili za mtama mwekundu, mzigo kamili wa mpagazi, na kibaba cha chumvi. Hakupumzika zaidi ya siku moja. Akajitwika, akageuka.

Sasa kila aliyewahi kubeba mzigo anajua hesabu ya njia ile, na Daimu aliijua kuliko wote. Mbebaji naye anakula. Siku ishirini na nane za mzigo mzito, hata ukijibana namna gani, unafika na nusu au pungufu, na hiyo ni kama hukumpa mtu. Alijiwekea chakula cha mara moja kwa siku, jioni, kiganja kimoja cha mtama uliochemshwa na majani. Alipovuka Mto Muhuwesi alimkuta bibi amekaa kando ya njia na wajukuu wawili. Bibi yule hakuomba, alimwamkia tu. Daimu alitua mzigo akawapimia vibaba viwili. Kesho yake akawapimia wengine. Siku iliyofuata akaona kwamba kwa mwendo ule atafika Songea na gunia tupu, akaanza kukwepa njia na kupita vichakani akiona moshi.

Mtu mmoja alimwona hata hivyo. Alikuwa kijana aliyebaki mifupa, akamfuata nyuma kwa mbali, akiita, "Kirongozi! Kirongozi, ningoje!" Pengine aliwahi kuwa mpagazi wake, kwa maana alimwita kwa jina hilo. Daimu aliongeza mwendo. Kijana aliita tangu jua la asubuhi hadi lilipokuwa kichwani. Halafu hakuita tena. Daimu hakugeuka kutazama, na jambo hilo hakuweza kulisahau maisha yake yote.

Alitokea kwenye kilima juu ya nyumba yake saa za alasiri. Hakuimba. Chiku alikuwa nje, akitwanga kitu kigumu ndani ya kinu, mabega yamemtoka kama ya mvulana. Alipomwona aliacha mchi umesimama.

Daimu alitua mzigo. Akatazama mgongo wa mkewe, akatazama mkekani, akatazama mlangoni.

"Tabu yuko wapi?"

Chiku alijifuta mikono kwenye nguo.

"Siku ya kumi na moja," alisema. "Tangu ulipoondoka. Baba alichimba yeye mwenyewe, pale kwenye mgomba. Sikuwa na nguvu."

Siku ya kumi na moja. Daimu aliikumbuka. Alikuwa amepata mzinga wa nyuki kwenye gogo, akala asali mpaka akacheka peke yake porini, na akaweka kipande cha sega kwenye jani ampelekee mtoto aonje, kabla hajakumbuka kwamba safari ni ndefu. Akakaa chini pale pale karibu na mzigo. Chiku akaja akakaa pia, lakini si karibu.

Baadaye Chiku alisimama akapima mtama, akausaga, akapika uji. Bakuli la kwanza alimpelekea baba yake aliyekuwa amelala ndani. Mzee Nchimbi alinusa.

"Mtama huu umetoka wapi?"

"Lindi, baba. Ameuleta Daimu."

"Kwa nguo zile?"

"Kwa nguo zile."

Mzee alisukuma bakuli pembeni. "Sili."

Chiku alilia kwa mara ya kwanza tangu mumewe arudi. Alisema, "Baba, sina mtu mwingine wa kuzika. Nimechoka kuzika." Mzee akageukia ukutani.

Daimu, aliyekuwa kizingitini, aliingia akakaa sakafuni.  Mzee Nchimbi, bado ameelekea ukutani, akamwuliza yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu korongoni:

"Umepita njia ya Luegu?"

"Nimepita, baba."

"Dada yangu aliolewa pale."

"Najua. Nyumba zimebaki tatu. Niliita, akatoka mzee mmoja tu. Alisema shangazi alifariki kabla mvua hazijakatika, na mumewe pia."

"Na mbele ya hapo?"

"Mbele ya hapo kijiji chote hakipo. Nyasi zimeota ndani ya nyumba."

"Endelea."

Daimu akaendelea. Alimtajia kituo baada ya kituo, jinsi kirongozi anavyowatajia wapagazi wapya kabla ya safari, ila safari hii badala ya kutaja maji na kivuli alitaja watu. Hapa wamebaki wanawake wawili. Hapa hakuna. Hapa niliona mtoto peke yake nikampa, sijui kama aliishi. Hapa sikumwona mtu, lakini mbwa walikuwa wanono. Mzee Nchimbi hakumkatiza. Pale penye mtu anayemjua alitaja jina lake kwa sauti ndogo, na Daimu alisubiri hadi amalize, ndipo akasogea kituo kingine. Alimwambia hata habari ya kijana aliyemwita. Jua lilisogea kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta wa nyuma, wakawa wamefika Tunduru.

"Basi," alisema Mzee. "Pumzika hapo."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Mimi niliwaambia wanangu wakanyunyiziwe yale maji," alisema. "Mdogo hakutaka. Alisema, baba, hii si dawa. Nikamwambia usinitie aibu mbele ya watu." Akanyoosha mkono. "Nipe huo uji. Umeshapoa?"

"Umepoa, baba."

Akala. Alipomaliza alitoa amri mbili. Kwanza, nusu ya mtama uliobaki iwe mbegu, na asiyetii atamlaani. Pili, katika hiyo nusu nyingine, nyumba nne za jirani zipelekewe kibaba kimoja kimoja. Chiku alipeleka yeye mwenyewe. Nyumba moja alikuta hakuna wa kupokea, akarudi na kibaba chake.

Mzee Nchimbi hakuyaona mavuno. Tumbo lililokuwa limezoea njaa halikuweza kukubali chakula tena, akafa wakati wanapasua ardhi. Walimzika kwenye mgomba, karibu na mjukuu wake. Mvua ziliponyesha, Daimu na Chiku walipanda mbegu moja moja kwa kidole, wakiziba kila shimo kwa kisigino, na wakawa wanalala shambani kufukuza nguruwe. Walifanya kazi bega kwa bega, lakini hawakuwa na mazungumzo. Chiku hakumlaumu. Ila alipokuwa akimpa maji aliweka kata chini, naye akaokota. Mkono wake hakuwahi kuugusa.

Mtama ulipofika magotini, mjumbe alikuja kutoka bomani. Serikali ilitaka njia ya kwenda Lindi ipitike tena, misafara ianze, na ilimhitaji kirongozi wa zamani aende na watu wa kupima. Daimu alikwenda. Alisimama mbele ya meza, akasema kwamba njia ameisahau.

Mkalimani alidhani amesikia vibaya. "Umesahau? Wewe?"

"Nimesahau. Sijui inapoanzia."

Walimuuliza mara tatu, akajibu hivyo hivyo mara tatu. Akalazwa kifudifudi pale uani akapigwa kiboko hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, askari akihesabu kwa sauti. Hakuna aliyemtafuta tena kwa kazi hiyo. Kivinje hakukanyaga tena, na mama yake alipofariki, miaka miwili baadaye, habari ilimfikia kwa mdomo wa mpagazi mgeni aliyekuwa hajui anamwambia nani.

Siku ile ya viboko alirudi nyumbani akitembea kama mzee, shati limegandia mgongoni. Chiku alikuwa anapalilia. Alimwona akija, akaona damu, akauliza kitu kimoja tu.

"Walitaka nini?"

"Njia."

Chiku aliegesha jembe. Akachemsha maji, akatia chumvi kidogo iliyobaki katika ile ya Lindi, akamlaza juu ya mkeka. Kwa kuwa shati lilikuwa limeshikana na ngozi, alililowesha kwanza, akasubiri, akalibandua kidogo kidogo. Kisha akamwosha mgongo kwa viganja vyake, kuanzia mabegani kushuka chini, polepole, akirudia penye majeraha makubwa. Daimu aliuma mkeka. Chumvi haikumliza. Alilia kwa ile mikono, ambayo hakuwa ameihisi mwilini mwake kwa mwaka mzima.

Chiku alimfunika kwa kitambaa kikavu. Akakaa pale pembeni kitambo kirefu, goti lake likigusa ubavu wake.

"Kesho usiende shambani," alisema. "Nitapalilia mimi."

Akatoka. Daimu alibaki amelala kifudifudi, akisikiliza jembe la mkewe likiingia ardhini na kutoka, kuingia na kutoka, mpaka usingizi ukamchukua.